Mbia wa Nthenya

Ukitaka kumwona Nthenya akiwaka, mwambie panya ni panya tu. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sindano mbili tatu zimechomekwa kwenye kola saa zote, na chumba chake kimoja cha kushona na kulala kilikuwa kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ya Mama Mustaf, nyuma ya soko la Machakos. Hakuwa mtu wa kuchekacheka. Mteja aliyechelewa kuchukua suruali yake aliambiwa waziwazi kwamba ukuta wa Nthenya si kabati la babake. Watu walimwogopa kidogo, lakini waliendelea kumletea nguo kwa sababu mshono wake haukufumuka.

Hasira hiyo hakuzaliwa nayo. Alizaliwa Mitaboni, akaolewa Matuu kwa shangwe, mbuzi wakaenda, nyimbo zikaimbwa hadi watu wakapoteza sauti. Miaka ikapita bila mtoto. Akarudishwa kwao mchana, kila mtu akiona, begi lake limebebwa na shemeji yule yule aliyecheza ngoma siku ya harusi mpaka kiatu kikakatika. Nthenya hakulia. Alinunua cherehani, akahamia mjini, na tangu hapo kitu kimoja kilimchoma kuliko vyote: mtu anayetaka kitu kwa kelele kisha anakitupa kimya kimya.

Basi mwaka wa elfu mbili na nne, kwenye maonyesho ya kilimo, akatokea jamaa wa Nairobi mwenye kofia nyekundu akiuza panya weupe. Aliwaita panya wa kizungu. Aliwaweka kwenye vibanda vya waya vyenye gurudumu dogo la kukimbilia, na mtoto yeyote aliyepita hapo alishika suruali ya babake akakataa kusonga. Jamaa akaapa kwa jina la mamake kwamba wote ni madume, hawazai. Watu wa benki wakanunua, walimu wakanunua, wenye maduka wakanunua, ilimradi mtoto anyamaze warudi nyumbani.

Madume gani. Kabla hata mvua haijaanza, nyumba hizo zilikuwa zimejaa vitoto vyekundu visivyo na macho, na wale waliolia kuwataka walikuwa wamesharudia baiskeli na televisheni. Wakubwa wakaanza kutafuta pa kuwapeleka. Wengine waliwatupia paka. Wengine waliwamwaga kwenye choo cha shimo wakiwa hai, wakanawa mikono, wakaketi kula. Nthenya aliyasikia hayo kwa wateja wake, wakisimulia huku wakicheka. Siku moja alimwacha mama mmoja amesimama katikati ya chumba, gauni limepimwa nusu, akatoka nje kupunga hewa kwa sababu aliogopa angemchoma sindano makusudi.

Katoni ya kwanza aliiokota jalalani, nyuma ya stoo ya nafaka ya Mutua. Mutua alikuwa jirani yake, ukuta mmoja, muuzaji wa mahindi na maharagwe ya kutoka Matuu, mtu mwenye sauti kubwa na kitambi cha kuheshimika. Nthenya alimwona kwa macho yake akiitupa, akijipangusa mikono, akirudi ndani. Katoni ilikuwa imezungushwa seloteipu pande zote, na ilikuwa ikitikisika. Ubavuni mtoto alikuwa amechora mlango na madirisha mawili yenye pazia, akaandika kwa kalamu ya rangi: NYUMBA YA SUKARI.

Ploti nzima ilimjua Sukari. Alikuwa panya wa Wendy, binti wa pekee wa Mutua, mtoto wa darasa la tatu. Alikuwa mweupe mwenye doa la kahawia shingoni, na Wendy alizoea kutembea naye ndani ya mkono wa sweta ya shule, kichwa kikichungulia kwenye kiwiko penye tundu. Nthenya aliirarua ile seloteipu kwa meno. Sukari alikuwa amelala juu ya watoto wake, akihema kwa shida.

Akashika njia moja kwa moja hadi stoo, tayari kumvaa Mutua mbele ya wateja. Lakini mlangoni akamkuta Wendy amekaa juu ya gunia, akimwuliza babake Sukari yuko wapi, na Mutua anajibu bila hata kusita.

"Alienda kwa nyanya, Mitaboni. Huko kuna nafasi ya kukimbia."

"Na watoto wake?"

"Wote. Nyanya aliwapenda sana."

Mtoto akafurahi. Nthenya akageuka na katoni yake chini ya leso, maana angesema pale pale, neno lingempiga Wendy kwanza. Alimngoja Mutua jioni alipokuwa akifunga mlango. Akamwambia, "Sukari ako kwangu, mzima. Mwambie mtoto ukweli, aje amwone."

"Wewe Nthenya, achana na mambo ya familia yangu," Mutua akasema. "Hujawahi kulea, utanifundisha nini?"

Nthenya alishona siku tatu bila kuimba, na kila pindo alilopitisha siku hizo lilikazwa kupita kiasi.

Habari zikaenea kwamba fundi anachukua panya. Watu wakaanza kuja na mikebe, na makopo ya rangi, na viatu vilivyofungwa kwa kamba. Walitaka kuacha na kukimbia. Nthenya hakukubali. Alikuwa na sheria moja, na hakuipunguzia mtu, awe mwalimu au mke wa mchungaji.

"Shika kwanza," alisema.

"Nishike nini?"

"Panya wako. Mweke kwa kiganja. Usikie moyo wake vile unapiga, halafu uniambie humtaki."

Wengine walishika huku wamefumba macho. Mwanamume mmoja mwenye tai alikataa kabisa, akaambiwa arudi naye nyumbani, akashika. Wapo waliobaki wamesimama pale na kile kitu chepesi kiganjani, wakarudi nacho walikotoka, na hao ndio peke yao Nthenya aliowaaga kwa adabu. Waliomwacha panya walipewa maneno yao yote kabla ya kuvuka kizingiti. Kisha, mlango ukifungwa, sauti ile ile iliyokuwa ikifoka ilishuka, na mwanamke huyo mkavu akaanza kumwuliza panya amekula nini tangu asubuhi.

Aliwatenganisha majike na madume kwa sababu yeye hakuwa jamaa wa kofia nyekundu. Aliwatengenezea vibanda kwa waya wa kuku, akawawekea mabaki ya vitambaa wajifunike. Majike waliwekwa dirishani penye hewa, madume kwenye rafu ya juu karibu na pasi. Sukari na katoni yake ya madirisha alikaa na majike, nyuma ya pazia, Wendy asije akamwona akipita. Chumba kilinuka, usidanganywe. Nthenya alikisugua kila siku, akafungua dirisha, akaendelea kushona.

Kisha mahindi ya Mutua yakaanza kutoboka. Si kwamba yalianza siku hiyo. Stoo ile ilikuwa na panya wa kahawia wanene tangu ijengwe, wakubwa wa kumtazama paka machoni. Lakini sasa Mutua alipata wa kumsingizia. Aliinua gunia lililotoboka mbele ya wateja akasema ni wale weupe wa fundi wanaopita chini ya ukuta. Watu wakaitikia. Ukweli wenyewe Nthenya aliujua: Mutua hakuogopa gunia, aliogopa Wendy. Kila siku ambayo Sukari alikuwa hai upande wa pili wa ukuta, uongo wa Mitaboni ulikuwa karibu kufumuka.

Nthenya akaona heri amwambie mwenye nyumba mapema, kabla Mutua hajafika huko. Na hapa ndipo pa kuelewana vizuri. Kwa Kikamba panya huitwa mbia. Ploti nzima iliwaita hivyo, na Nthenya alilipenda jina hilo, kwa sababu ukisema panya mtu anatafuta fimbo kabla hajakuuliza lolote. Mama Mustaf naye alikuwa Msomali aliyelelewa Mombasa, mke wa mfanyabiashara wa mifugo. Kikamba chake kiliishia kwenye salamu, lakini Kiswahili alikijua kwelikweli, na kwa Kiswahili chake mbia ni mtu mnayeshirikiana naye biashara.

"Mama Mustaf," Nthenya akaanza, "nilitaka nikuambie mimi mwenyewe, usisikie na watu. Niko na mbia hapo kwa nyumba."

"Mbia," Mama Mustaf akasema, akakaa sawasawa kitini. "Hilo ni jambo zuri. Mtu hawezi peke yake. Ni mwanamke mwenzio?"

"Wako wengi. Wanawake na wanaume. Lakini nimewatenganisha, hawaonani."

"Umefanya la maana. Heshima kwanza. Hawakusumbui kwa chakula?"

"Wanakula kidogo tu. Mtama, njugu, mkate ukibaki."

Mama Mustaf akatikisa kichwa kwa huruma. "Biashara siku hizi ni ngumu. Na wanalala wapi, chumba kile kidogo?"

"Kwa katoni."

"Subhanallah. Katoni, na baridi hii yenu?"

"Wamezoea, mama."

"Hapana, hawawezi kuzoea hilo. Sikiliza, Nthenya. Wabia wako wakae. Nimesema mimi, mwenye nyumba. Atakayewasumbua aje kwangu."

Nthenya aliposikia wabia alidhani ndivyo watu wa Mombasa wanavyotamka. Alirudi akiwa mwepesi. Jioni hiyo Mama Mustaf akatuma blanketi nene la sufi, zuri kuliko lile alilojifunika Nthenya mwenyewe. Nthenya aliliangalia muda mrefu. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu bila kuulizwa. Kisha akachukua mkasi, akalikata vipande vipande, kila kibanda kikapata chake.

Wiki haikuisha kabla Mutua hajamleta Mama Mustaf mlangoni. Njiani alimjaza maneno: fundi anafuga panya, ploti itafungwa na watu wa afya, watoto wataumwa. Mama Mustaf aliingia, akavuta pazia. Panya weupe wakainua vichwa kutoka kwenye sufi.

"Hilo ni blanketi langu," akasema taratibu.

"Ndiyo, mama. Liliwafaa sana. Mungu akubariki."

"Na wabia wako wako wapi?"

"Si hawa," Nthenya akasema, akaonyesha.

Mutua akacheka hadi akashika ukuta. Ni yeye mwenyewe, kwa upumbavu wake, aliyeeleza kwamba mbia kwa Kikamba ni panya. Mama Mustaf hakucheka. Uso ulimbadilika, na Nthenya akaanza kukusanya nyuzi zake mezani, maana alijua sura ya mtu anayekwenda kukufukuza.

"Mimi niliwaombea dua hawa," Mama Mustaf akasema. "Wallahi, niliswali, nikawaombea riziki." Akavuta mtandio wake. "Panya siwapendi. Hawa pia siwapendi, na nyote wawili mmenifanya mjinga. Lakini neno nililisema kwa mdomo wangu. Nilisema wakae, na anayewasumbua aje kwangu. Sikuuliza kama wana mikia. Wakae ndani ya waya. Nikimwona mmoja uani, wote watahama na fundi wao."

"Na mahindi yangu?" Mutua akauliza.

"Wanaokula mahindi yako ni wa kahawia. Hao niliwakuta hapa siku niliyonunua ploti hii."

Akaondoka. Mutua alibaki mlangoni, kicheko kimemkauka. Hapo Nthenya akafanya jambo ambalo baadaye alilirudia kichwani mara nyingi. Alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Umesikia. Sasa keti na mtoto wako. Jumapili ikifika hujamwambia, nitamwita mimi, nimpe Sukari wake mkononi."

Siku iliyofuata Nthenya alikwenda Tala kununua mitumba ya kurekebisha. Aliacha dirisha wazi kama kawaida, chumba kipate hewa. Aliporudi, begi begani, alijua kabla ya kufungua mlango. Chumba hakikuwa na ile michakacho yake ya miguu midogo kwenye katoni.

Chini ya dirisha, ndani ya vibanda, kulikuwa na punje za mahindi zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi. Nthenya alizijua. Punje kama hizo zilikaa kwenye visahani pembe zote za stoo ya Mutua mwaka mzima, na wale wa kahawia walizipita kwenda kwenye magunia, wamekwishaerevuka. Hawa wa kwake hawakuwa na ujanja huo. Walikuwa wamefundishwa kwamba kinachoingia dirishani kinatoka kwa mtu anayewapenda. Majike wote walikuwa wamekufa, wengine midomo bado kwenye maji. Sukari alikuwa amejikunja ndani ya nyumba yake yenye madirisha, kwenye sufi ya Mama Mustaf. Madume wa rafu ya juu peke yao walikuwa hai, wameganda pembeni.

Nthenya hakupiga kelele. Alichukua beseni, akawapanga mmoja mmoja, akawafunika kwa kitambaa cheupe alichokuwa amekikata kwa ajili ya kola za mashati. Alikuwa na hasira ya kumwua mtu, na alilijua hilo, ndiyo maana alishika beseni kwa mikono yote miwili, mkono wowote usibaki wazi. Uani alikutana na Mama Mustaf aliyekuja kuangalia bomba. Mama Mustaf alifunua pembe ya kitambaa, akaifunika tena, akamfuata bila kuuliza.

Stoo ilikuwa na wateja. Nthenya aliwapita, akaliweka beseni juu ya mizani ya Mutua, sindano ya mizani ikacheza kidogo ikatulia. Alikuwa ameshafungua mdomo. Alikuwa na maneno ya kutosha kumvua Mutua nguo mbele ya soko zima.

Kisha akamwona Wendy. Alikuwa ametoka shule, amekaa juu ya gunia lake lile lile, sweta ina tundu kwenye kiwiko.

"Anti, umeleta nini?" Wendy akauliza.

Mutua akawa mweupe midomo. Alimtazama Nthenya, na macho yake yalikuwa yakiomba. Mtu huyu ambaye hakuwahi kuomba chochote kwa yeyote alikuwa akimwomba yeye, aliyerudishwa, ambaye hajawahi kulea. Na Nthenya aliona wazi jinsi ilivyo rahisi. Kuvuta kitambaa tu. Angemmaliza Mutua kwa mkono mmoja, na angemmaliza kupitia kwa mtoto.

"Ni mzigo wa baba yako," akasema. "Aliutupa, nikamtunzia. Leo nimeurudisha."

"Wendy, enda nyumbani," Mutua akasema.

"Haendi," Nthenya akasema. Wateja walikuwa wameanza kurudi nyuma, na Mama Mustaf alikuwa amesimama mlangoni na mtandio wake, hakuna aliyeingia wala kutoka. "Mutua, watu wote wa Machakos walipita kwangu. Mwalimu alipita, mke wa mchungaji alipita. Wewe peke yako hukupita. Shika kwanza."

"Nthenya, tafadhali."

"Shika. Halafu umwambie wewe, na mdomo wako. Mimi sitamwambia."

Alingoja. Angengoja hapo mpaka usiku, na Mutua alilijua hilo. Mwishowe mkono wake mnene ukaingia chini ya kitambaa, ukapapasa, ukatoka na Sukari. Doa la kahawia lilikuwa juu. Alimshika kwenye kiganja kile kilichozoea kunyanyua magunia.

"Hawakuenda kwa nyanya," akasema.

Wendy aliteremka kwenye gunia. Hakulia pale. Alimtazama babake usoni, muda mrefu, kama mtu anayemwona mara ya kwanza, kisha akamtoa Sukari kwenye kiganja chake, akamwingiza ndani ya mkono wa sweta, akapita kati ya Mama Mustaf na mlango akaenda zake. Mutua alimwita. Hakugeuka.

Nthenya akachukua beseni lake. Hakusikia ushindi wowote, alisikia tu hasira ile ile, imekaa mahali pake pale pale, na madume wake wa rafu ya juu walikuwa hawajala tangu asubuhi. Nyuma ya magunia, panya wa Mutua waliendelea kutafuna mahindi.